Maneno Yaleyale Mara Nne

Mkuu wa kituo alikuwa amekunja kona za kurasa kumi na moja, na kila moja aliifungua kwa madaha kama mtu anayefungua zawadi.

"Sikiliza hii," alisema. "'Mama mtu alikuwa amelala chini, na Mkavu akaona kwamba sakafu inataka deki.' Umesikia? Kitabu cha tano. Kimeandikwa na marehemu mwenyewe, miaka sita iliyopita. Na jana binti yake kafanya nini? Kapiga deki!"

Mpelelezi aliyesimama mbele yake alikitazama kile kitabu. Kituoni walimwita Mkasi, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kukata maneno ya watu katikati, wakubwa kwa wadogo, na hata sasa ulimi ulikuwa unamwasha.

"Afande, tunamshitaki mtu wa damu na nyama, au mtu wa karatasi?"

"Usinichezee. Mwandishi kakutwa chini ya ngazi za nyumba yake, kisogo kimepasuka, miguu mitupu. Jirani kasikia ugomvi. Ndani walikuwa wawili tu, mama na binti. Askari wanafika, ngazi zimefutwa, vyombo vimeoshwa, na binti kakaa kitini anatazama saa. Hakulia jana, hakulia usiku, hajalia leo. Kaletewa chai akaomba sukari. Sukari, Mkasi!"

"Chai bila sukari ni maji ya kunawia."

Mkuu alikifunga kitabu. Juu ya jalada mwanamke mrefu alikuwa amewapa wasomaji mgongo. Vilikuwapo vitabu vinane vya huyo Mkavu, mwanamke asiyecheka wala kulia, asiyemhitaji mtu, na nusu ya mji ilikuwa imevisoma. Nusu hiyohiyo iliamini kwamba mwandishi alikuwa anamwandika mwanawe.

"Saa nane faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka," alisema Mkuu. "Ukiwa na kitu, kilete kabla ya hapo. Ukikosa, naandika kuua kwa kukusudia, na kitabu nakiambatisha."

Ilikuwa saa tatu kasorobo asubuhi.

* * *

Binti alikuwa na miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa, na kioo cha kukuzia anachobana jichoni kilikuwa kimemwachia alama ya duara kuzunguka jicho la kulia. Alikaa wima, mikono juu ya meza, vidole vimetulia. Chini ya meza miguu yake mikubwa ilikuwa imejaa ndani ya kandambili za mahabusu mpaka visigino vikagusa sakafu.

"Ulimsukuma?" aliuliza Mkasi.

"Nimeshaulizwa mara sita."

"Na mimi wa saba."

"Hapana."

"Mligombana?"

"Hapana."

"Jirani kasikia kelele."

"Kelele zilikuwepo. Ugomvi haukuwepo."

"Alianguka saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi na tisa."

"Una hakika?"

"Mimi ni fundi saa."

Mkasi aliandika. "Simu ya gari la wagonjwa ulipiga saa ngapi?"

"Saa tatu na ishirini. Walisema nusu saa. Wakaja baada ya dakika hamsini."

"Na kabla hawajafika, ukapiga deki."

"Nilirudisha vitu mahali pake."

"Kwa nini?"

"Huwa narudisha." Alisema hivyo kama mtu aliyeulizwa kwa nini hufunga mlango akitoka.

"Vitabu vya mama yako umevisoma?"

"Kimoja. Kilinitosha."

"Watu wanasema Mkavu ni wewe."

"Mkavu ni mrefu kuliko mimi."

Mkasi alimtazama aone kama huo ni utani. Uso haukumwambia kitu. Akafungua ukurasa wa pili wa fomu. "Mama yako ulimpenda?"

Binti aliinamisha kichwa, akaisoma fomu kichwa chini miguu juu, mstari kwa mstari. "Hilo lina nafasi yake hapo?"

"Halina."

"Basi tuliache."

* * *

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, imegawana ukuta na nyumba ya jirani. Mkasi alikwenda na mpiga picha wa kituo, kijana mrefu mwenye maneno mengi ambaye kila mtu alimwita Flashi. Alipofungua mlango, Flashi alipiga mluzi.

"Hapa hata mende anavua viatu, bosi."

Hakukosea sana. Vikombe vilikuwa vimepangwa mishikio upande mmoja. Magazeti yalikuwa yamekunjwa sawasawa. Ukutani, saa nne zilikuwa zinakwenda pamoja, hakuna iliyomtangulia mwenzake. Sebuleni palikuwa na viti viwili, kila kimoja kimetazama dirisha lake. Hakukuwa na picha ya mtu hata moja.

Mkasi alianza na ngazi. Zilikuwa kumi na sita, za saruji iliyopakwa rangi nyekundu, zimefutwa zikang'aa. Alipanda moja moja kwa magoti, tochi imelala karibu na sakafu, huku Flashi akipiga picha na kulalamika kuhusu mgongo wake. Kwenye ngazi ya nne kutoka juu, upande wa ukutani ambako tambara la mwenye haraka halifiki, alikuta mstari mweupe. Kwenye ya tisa akakuta mwingine, na kando yake kimshale kinachoelekea chini.

Alipaka mate kidoleni, akagusa. "Chaki."

"Watoto," alisema Flashi.

"Watoto wa nani? Nyumba hii mara ya mwisho kuwa na mtoto, wewe ulikuwa unanyonya."

Simu yake ililia. Alikuwa daktari wa chumba cha maiti, mtu asiyependa salamu. "Kisogo, kama nilivyosema jana. Hakuna alama za kushikwa wala za kucha. Ila mambo mawili. Vidole vya mkono wa kulia vina unga mweupe. Na visigino vyote viwili vimechubuka kwa nyuma, michubuko ya siku hiyohiyo. Kama mtu aliyetembea na viatu visivyo vyake."

"Alikutwa hana viatu."

"Mimi nakusomea miguu. Viatu tafuta wewe."

Viatu havikuwa mbali. Kando ya mlango palikuwa na ubao wa viatu, jozi tatu ndogo upande wa kushoto na jozi nne kubwa upande wa kulia. Mkasi alizishika zote, moja baada ya nyingine, akaingiza mkono ndani. Ya sita ilikuwa viatu vyeusi vya kufunika, vya ngozi, vyenye kisigino kifupi, upande wa viatu vikubwa. Mbele, kwenye vidole, kulikuwa kumeshindiliwa pamba.

"Mwenye mguu mkubwa hashindilii pamba kwenye kiatu chake," alisema.

"Kwa hiyo mama alivaa viatu vya binti?"

"Na binti akamvua, akavirudisha. Piga picha, kisha tia kwenye bahasha."

Flashi alipiga picha. "Bosi, kumvua marehemu viatu na kuficha, mbona hiyo inazidi kumzamisha?"

Mkasi alijua. Akaanza kupanda ngazi.

Chumba cha kazi cha marehemu kilikuwa juu. Meza ilikuwa na kurasa zilizopigwa chapa, na juu yake barua ya mhariri imebanwa kwa pini. Aliisoma akiwa amesimama. Mhariri alikuwa anaomba jambo moja. Wasomaji wanampenda Mkavu, aliandika, kwa sababu hawasumbui watu na machozi yake. Lakini baada ya vitabu vinane wameanza kuuliza nani alimfanya awe hivyo. "Mtu hazaliwi mkavu. Hicho cha tisa sikitoi mpaka unipe sababu."

Chini ya barua ulikuwa ukurasa wa sura ya mwisho, umejaa masahihisho. Mkavu anamwacha mumewe. Anasimama juu ya ngazi na kusema, "Nakwenda. Usinifuate." Anashuka, hageuki. Pembeni, kwa kalamu: *Kasi gani? Viatu vya kazi. Mkono kwenye ukuta au la?*

Kwenye rafu palikuwa na madaftari manane. Mkasi alichukua la kwanza, akafungua popote.

*Ana miaka sita. Leo nimechelewa makusudi kumchukua shuleni, saa mbili nzima. Nimemtazama kutoka ng'ambo ya barabara. Hakulia. Alikuwa anahesabu vigae. Tumia.*

Akageuza.

*Miaka tisa. Nimemwambia paka amekufa. Amesema, "Sawa," akaenda kuosha bakuli lake. Jioni nikamwambia paka yupo kwa jirani. Akasema, "Sawa." Tumia zote mbili.*

Flashi alisoma juu ya bega lake, akashusha kamera. Alisema kwa sauti ya chini, "Bosi, haya madaftari ni sababu ya kuua. Mimi mwenyewe ningemsukuma."

"Tia kwenye bahasha."

"Yote? Mkuu akiyaona..."

"Ushahidi si nyanya, huchagui zilizoiva. Tia yote."

Lile la nane alilipitia mpaka maandishi yalipokoma. Ukurasa wa mwisho, wa juzi, aliusoma mara mbili. Ilikuwa saa tano na nusu.

* * *

Jirani alikuwa mkunga mstaafu. Alimkaribisha Mkasi kwenye chumba cha nyuma ambako alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na hakuacha kuchambua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Jana walikuja wanaume wawili, hawakukaa hata kidogo. Waliniuliza nimesikia ugomvi, nikasema nimesikia, wakakimbia kama wameungua."

"Mimi sina haraka," alidanganya Mkasi. "Ulisikia nini hasa? Maneno yenyewe."

"'Nakwenda. Usinifuate.' Kwa ukali. Nikasema, haya, leo wameshikana."

"Sauti ya mama au ya binti?"

Mikono ilisimama juu ya mchele. "Unajua hawakuniuliza? Ya mama. Yule binti hana sauti, angekuwa na sauti ningemjua."

"Binti akamjibu nini?"

"Hakumjibu. Mama akasema tena. 'Nakwenda. Usinifuate.'"

"Mara ngapi?"

"Tatu... Nne. Maneno yaleyale, mara nne. Halafu viatu vinashuka, kwa, kwa, kwa. Kisha vinapanda taratibu. Kisha tena vinashuka. Mara ya nne havikumaliza. Nikasikia kishindo."

Mkasi alishusha pumzi. "Mama, wewe umewahi kugombana na mtu?"

"Niliolewa miaka arobaini, unaniuliza hivyo?"

"Ulikuwa unarudia maneno yaleyale mara nne, ukishuka ngazi na kupanda?"

Mkunga alimtazama, kisha akacheka kicheko kifupi kilichomponyoka. "Hapana. Ningekuwa mwehu. Huyo alikuwa kama mtu anayekariri." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Alikuwa anakariri."

"Viatu ulivyosikia vilikuwa vya watu wangapi?"

"Mmoja. Na lile bomba lao halikunipa raha hata kidogo, ndiyo maana nilikuwa nimesogea karibu na ukuta. Nilitaka kugonga."

"Bomba gani?"

"La jikoni kwao. Wakifungua maji, ukuta wangu unaunguruma kama trekta. Yule binti anaosha kwa ubahili: anafungua, anafunga, anafungua, anafunga. Kila sahani na mngurumo wake. Sijapata usingizi wa asubuhi tangu walipohamia."

Mkasi alikuwa ameshasimama. "Jana liliunguruma lini?"

"Wakati wote ule."

"Mama anakariri, bomba linafunguliwa na kufungwa?"

"Ndiyo. Kishindo kilipotokea lilikuwa linaunguruma. Likaendelea kidogo, kisha likanyamaza, na sikulisikia tena mpaka baadaye sana."

Mkasi alichungulia dirishani akamwita Flashi aingie jikoni kwa marehemu. "Fungua maji! Hesabu tano, funga! Fanya mara tatu!"

Ukuta uliunguruma, ukanyamaza. Ukaunguruma, ukanyamaza. Mara ya tatu punje za mchele zilitetemeka kwenye ungo. Kisha akamwamuru apande afungue bomba la bafu la juu. Waliweka masikio ukutani. Kimya, la juu lilipata maji kwenye tangi la darini.

"Kwa hiyo kuna mtu alikuwa amesimama jikoni," alisema Mkasi, "wakati mwingine yuko juu ya ngazi."

"Sasa si ndivyo ninavyosema?"

"Ndivyo unavyosema, mama. Utasema tena kwa maandishi na utaweka sahihi."

Mkunga aliweka sahihi polepole, herufi baada ya herufi. Alipomrudishia kalamu hakuiachia mara moja.

"Walihamia hapa yule mtoto ana mwaka mmoja. Nilikuwa namsikia analia. Analia, analia, mpaka anakauka sauti. Halafu siku moja akanyamaza, na hakulia tena. Nikajiambia, mtoto kakua." Aliiachia kalamu. "Nimezalisha wanawake mia tisa. Nilijua vizuri kabisa kwamba mtoto haachi kulia kwa sababu kakua. Anaacha kwa sababu haji mtu. Nilijua, na nilikuwa nimechoka, na nikashukuru kwa ule utulivu."

Mkasi aliikunja ile karatasi yenye sahihi. Alimshukuru kwa kazi, akaondoka.

* * *

Saa saba na dakika hamsini Mkuu alikuwa ameshavaa kofia yake, faili kwapani.

"Angeweza kuacha bomba wazi akapanda kumsukuma," alisema baada ya kusikiliza yote.

"Bomba lililoachwa wazi haliungurumi kwa vipande, afande. Hili lilikuwa linafunguliwa na kufungwa. Na viatu vilivyosikika vilikuwa vya mtu mmoja."

"Na miguu mitupu?"

"Alivaa viatu vya binti yake, namba tatu zaidi ya mguu wake. Aliweka alama za chaki aone kasi. Hakuwa anaandika kitu mpaka akifanye. Mara ya nne kiatu kikamtupa."

"Na binti kufuta kila kitu?"

"Hilo twende tukamuulize. Wewe ukiwepo."

Binti alikuwa amekaa vilevile. Mkuu aliegemea mlango, kofia kichwani. Mkasi aliuliza moja kwa moja.

"Mama yako akimaliza mazoezi yake, nani alikuwa anafuta chaki?"

"Mimi."

"Na viatu?"

"Narudisha. Na kiti kama amekihamisha, na mlango kama ameuacha wazi. Anataka arudi akute nyumba kama ilivyokuwa, asije akachanganya yaliyotokea na yale ya kitabu."

"Tangu lini unafanya hivyo?"

"Tangu nilipoweza kubeba ndoo."

"Na jana," alidakia Mkuu, "mtu amekufa miguuni pako, wewe unafuta chaki?"

"Alikuwa amemaliza," alisema binti.

Mkuu alijitenga na mlango. Alivua kofia, akaitazama ndani kama kuna kitu kimeandikwa humo.

"Kwa nini hukusema ulikuwa jikoni?" aliuliza Mkasi.

"Hawakuuliza nilikuwa wapi. Waliuliza nilimsukuma kwa mkono mmoja au miwili."

Mkuu alitoka. Walimsikia kwenye ukumbi akimwambia karani atoe fomu ya kuachia mtu, kisha akimkaripia kwa kuwa na mwandiko mbaya, jambo ambalo halikuwa la siku hiyo.

* * *

Ilikuwa saa tisa binti alipotia sahihi. Karani alimrudishia mkanda, funguo, na saa yake ya mkononi, ambayo aliiweka sikioni kwanza kabla ya kuivaa. Mkasi alimpeleka mpaka kwenye benchi la mapokezi.

"Nani anakuja kukuchukua?"

"Hakuna."

"Ndugu? Shangazi, binamu, rafiki wa kazini?"

"Kazini niko peke yangu. Watu wanaleta saa, wanakuja kuchukua saa."

Mkasi alikuwa na daftari la nane mkononi. Kwa utaratibu kielelezo hakioneshwi mtu kabla faili halijafungwa. Aliufungua ukurasa wa mwisho akauweka mapajani mwa binti. Maandishi ya marehemu yalikuwa ya haraka: *Mhariri anataka sababu. Kwa nini hageuki? Miaka ishirini na nane namtazama na sijui. Muulize. Kesho baada ya mazoezi, muulize tu.*

Binti alisoma. Alichukua muda mrefu kuliko maneno yale yalivyohitaji.

"Hakuwahi," alisema.

"Angekuuliza, ungemjibu nini?"

Nje gari la kituo lilikuwa linakataa kuwaka. Walilisikiliza mara tatu.

"Kwamba ukigeuka, nyuma yako kuna mtu na kalamu." Alilifunga daftari akamrudishia. "Sijui kama angeliandika hilo. Angeliandika."

Mkasi alijikuta ana kalamu vidoleni, kifuniko wazi, tayari. Aliifunika akaitia mfukoni.

"Naweza kukaa hapa kidogo?" aliuliza binti. "Nyumbani nitaenda. Si sasa hivi."

"Benchi ni la serikali. Kaa mpaka likuchoke."

Mkasi alikuwa na mafaili mawili mezani na taarifa ya kuandika kabla ya jioni. Alikaa upande wa pili wa benchi. Karani aliwatazama, akaona hakuna anachoitiwa, akarudi kwenye mhuri wake.

"Nilimshika mkono," alisema binti, macho yakiwa mlangoni. "Kabla ya deki. Nilikuwa nasikiliza mapigo. Yalikuwa mia nne na mbili, halafu yakakoma." Aliviangalia vidole vyake viwili, vile anavyotumia kupima. "Sikuwahi kumshika muda mrefu hivyo."